Tukizunguke Kisiwa Chetu kwa Baiskeli





Siku ya mkutano wa tawi letu uliopita nilifika kwa baiskeli, nikaiegesha chini ya mwembe. Mwanachama mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, akacheka mbele ya watu akasema: "Mtazameni huyu! Ana mikarafuu zaidi ya mia, na bado anakuja mkutanoni kwa baiskeli kama mtoto wa skuli." Watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao, maana mzaha wa rafiki hauudhi. Lakini nilipokwisha keti nikaona kwamba mzaha ule una fikira ndani yake, nayo ni fikira yenye hasara kwetu wakulima. Fikira yenyewe ni kuwa baiskeli ni chombo cha mtu asiyejiweza, na ya kwamba mwenye shamba hana haja ya kuzunguka kutazama mashamba ya watu.

Rai yangu mimi ni kinyume cha hiyo. Nasema kwamba kila mkulima wa karafuu mwenye afya, na kila kijana atakayerithi shamba, yampasa walau mara moja kwa mwaka akizunguke kisiwa hiki cha Pemba kwa baiskeli, pole pole, akitazama mashamba ya wenziwe. Tena nasema yakipasa Chama chetu kuifanya safari hiyo iwe desturi. Sababu zangu nitazieleza, na msomaji atapima mwenyewe.

Kwanza nitaje kisiwa chenyewe. Urefu wake, tangu kusini hata kaskazini, ni kama kilomita 67. Kwa miguu ni mbali. Kwa gari ni saa chache tu, na mtu akishuka hakumbuki alichokiona isipokuwa mgongo wa abiria aliyekaa mbele yake. Vilima vyetu si virefu, wala hakuna hata kimoja kifikacho mita 150, lakini ni vingi mno, na kila baada ya kilima kuna bonde la mpunga, na baada ya bonde kuna kilima kingine. Nchi ya namna hii baiskeli ndiyo inayoifaa. Mpandoni utashuka usukume, na hapo utautazama mkarafuu kwa karibu na kumwamkia mwenye shamba. Mtelemkoni utapumzika. Kushuka na kusukuma si aibu. Mwenye kuona aibu kusukuma baiskeli atakwenda kwa kiburi mpaka moyo umpasuke.

Mwezi wa Februari mwaka huu nilifanya safari hiyo pamoja na mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini. Sisi ni watu wa upande wa Mtambile. Mpwa wangu alitaka tuanzie nyumbani tuelekee kaskazini. Nikamwambia: "Februari ni kaskazi, kijana wangu. Ukienda Konde sasa utashindana na upepo siku zote tatu. Wenye vyombo vya bahari hawafanyi hivyo, na sisi tusifanye." Basi tukapakia baiskeli zetu juu ya gari ya abiria mpaka Konde, ili turudi nyumbani na upepo mgongoni. Katika miezi ya kusi mtu afanye kinyume chake, aanzie Mkoani apande juu. Mpwa wangu alikuwa hajafika Konde maisha yake yote, wala hakuwa na habari ya pepo kwa safari ya nchi kavu.

Kutoka Konde tulipita msitu wa Ngezi mpaka Ras Kigomasha, penye ule mnara wa taa wa chuma, tukaiona pwani ya Vumawimbi na mchanga wake mweupe. Sikuandika barua hii ili niisifu pwani, maana wageni wanaisifu vya kutosha. Nataka kusema juu ya msitu. Ndani ya Ngezi, penye mivule mikubwa na kivuli kizito, baiskeli hupita kimya na mtu husikia ndege. Pemba ina aina 4 za ndege wasiopatikana popote pengine duniani. Kabla wazee wetu hawajapanda mikarafuu, sehemu kubwa ya upande wa magharibi wa kisiwa hiki ilikuwa msitu wa namna hiyo. Udongo unaotulisha leo umetokana na majani ya miti ile yaliyooza kwa karne nyingi. Sisi twavuna akiba iliyowekwa na msitu, na mwenye kula akiba bila kurudisha anajua mwisho wake.

Kutoka huko tulishika njia ya Tumbe, tukapita penye magofu ya Chwaka, tukafika upande wa Micheweni. Hapa ndipo nilipomfundisha mpwa wangu jambo ambalo mtu wa garini halioni. Muda mfupi tu ulikuwa umepita tangu tuache vilima na udongo mzito. Sasa nchi ikawa tambarare, magurudumu yakaanza kugonga mawe, na mikarafuu ikatoweka. Tukaona ng'ombe, mihogo, na kina mama wakitoka pwani na mizigo ya mwani. Haya ndiyo maweni. Magharibi ya kisiwa ina udongo wenye kina, nayo ndiyo nchi ya karafuu. Mashariki ni jiwe la matumbawe lililofunikwa na udongo haba. Mkulima akiujua mpaka huu kwa magoti yake hatapanda mche wa mkarafuu mahali ambapo mizizi itagonga jiwe mwaka wa tatu. Nimewaona watu waliopanda hivyo, na miche yao ikafa, nao wakalaumu mbegu.

Tukalala Wete. Ng'ambo ya maji kuna Mtambwe Mkuu, mahali ambapo mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za kale zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha. Mpwa wangu aliuliza watu wa zamani zile walifanya biashara ya nini, maana karafuu ilikuwa bado haijaletwa. Swali zuri! Karafuu ililetwa visiwani mwetu katika karne ya 19 tu. Wazee waliokuwa kabla yake walikuwa na mali yao, ikaja ikaondoka. Mali huondoka kwa mtu asiyeiangalia.

Karibu na Wete ndipo nilipopata faida kubwa ya safari yangu. Tulisimama kwa mzee mmoja kuomba maji ya kunywa, naye akatuangulia madafu. Shamba lake si kubwa kuliko langu, lakini sikuona pengo ndani yake. Nikamwuliza siri yake. Akanichukua nyuma ya nyumba akanionyesha kitalu cha miche chini ya makuti. Akasema: "Mimi kila mkarafuu ukifa, masika hiyo hiyo naweka mwana wake. Singoji kuletewa." Kisha akanionyesha upembo. Wachumaji wake huvuta tawi kwa upembo, hawalivunji. Anayevunja tawi humlipa alichochuma na kumwambia kesho asirudi. Alinieleza jambo lililothibitishwa pia na wataalamu, ya kuwa jeraha la tawi lililovunjika ni mlango wa kuvu, nayo ikiingia hushuka kidogo kidogo hata mti ukakauka kuanzia juu. Sote twapenda mchumaji mwepesi, lakini wepesi wa kuvunja matawi ni deni ambalo mti hulilipa baadaye.

Siku ya pili tuliifuata ile njia ya zamani ya Wete na Chake, yenye kona nyingi na mikarafuu huku na huku. Tulisimama Kidike kuwatazama popo wa Pemba, ambao hawaishi mahali pengine duniani. Zamani waliwindwa mpaka wakawa karibu kwisha, ndipo wanavijiji wakaunda vikundi vya kuwalinda katika miaka ya 1990, na leo wamekuwa wengi tena. Popo hao hutawanya mbegu za miti ya msituni. Niliwataja kwa mpwa wangu kama mfano wa kwamba kitu kilichokaribia kutoweka chaweza kurudi, ikiwa watu wa mahali wamekubaliana.

Siku ya tatu, kutoka Chake, tulipita Pujini penye magofu ya ngome iliyo maarufu kwa jina la Mkama Ndume, kisha kwa njia za shamba tukapita Chambani mpaka tukafika nyumbani. Miguu ilikuwa mizito, lakini sikuingia ndani kupumzika. Nilikwenda moja kwa moja shambani kwangu nikahesabu.

Ndugu wanachama, nilikuwa nikisema nina mikarafuu mia na arubaini, kwa kuwa ndiyo niliyoirithi. Nilihesabu mia na tisa. Msimamizi wangu kila mwaka huniambia, "Mikarafuu salama, Mzee," wala hakusema uwongo, maana mikarafuu aliyoitazama ilikuwa salama. Ile iliyokufa imekwisha katwa kuni, na pengo halimwiti mtu. Nilikuwa nikipita shambani humo kila wiki, lakini jicho lililozoea haliulizi. Ilinibidi nione shamba la mtu mwingine lisilo na pengo ndipo niyaone mapengo ya kwangu. Mwaka 1872 dhoruba kubwa iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja kwa mara moja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ikawa mbele kwa wingi wa karafuu. Dhoruba ile kila mtu aliijua. Lakini mikarafuu thelathini na mmoja iliondoka kwangu bila upepo kuvuma. Mkarafuu mchanga hungoja miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Kila mwaka niliochelewa nimewanyima wajukuu zangu.

Sasa nitazijibu hoja za wanaopinga, kwa sababu nimezisikia.

Wa kwanza husema: siku hizi kuna bodaboda, kwa nini mtu ataabike? Bodaboda ni chombo kizuri cha kumpeleka mgonjwa hospitali, na mimi mwenyewe hupanda. Lakini haisimami. Ukimwambia kijana asimame uutazame mti, atakuonyesha saa. Tena ina kelele, na mwenye shamba akisikia kelele hadhani kuwa mgeni amekuja kumwamkia. Anayefika kwa baiskeli, jasho likimtiririka, hukaribishwa kabla hajabisha hodi.

Wa pili husema kwamba kutembea kwa baiskeli ni mchezo wa watalii. Ni kweli wageni huja Pemba wakakodi baiskeli, wakapita Ngezi, Kigomasha na njia ya zamani ya Wete. Hilo silichukii, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni akikuuliza "Kidike ni wapi?" nawe mzalia hujui, basi mwenyeji ni nani hapo? Watoto wetu waijua Dar es Salaam na Mombasa kuliko wanavyoijua Micheweni, halafu tunastaajabu kwa nini hawataki shamba. Mtu hawezi kupenda asichokijua.

Wa tatu husema mtoto wa kike hafai juu ya baiskeli. Mimi nina binti wa ndugu yangu ambaye ni mwalimu, naye huenda skuli kwa baiskeli kila siku kwa vazi lake la heshima. Mnyororo una kifuniko, na staha imo moyoni. Katika mashamba yetu wanawake huchuma, huchambua, huanika na kuchunga majamvi mvua ikitishia. Kama kazi hiyo yawafaa, basi safari ya kujifunza namna ya kuifanya vizuri zaidi yawafaa pia.

Wa nne husema ni hatari. Huyu ana hoja ya kweli, na hapa sina budi kusema yaliyonipata.

Msimu uliopita wa kuchuma nilikuwa nikitelemka kilima kwa baiskeli, na gunia dogo kwenye keria. Gari moja ya mizigo ikanipita konani, na nyingine ikatokea mbele. Ile ya nyuma ikanibana, nikatoka kwenye lami. Ukingo wote wa barabara ulikuwa umeanikwa karafuu. Sikuwa na pa kwenda isipokuwa juu ya jamvi la mtu. Nilipita katikati ya karafuu za watu, nikaanguka, nikavunjika kifundo cha mkono. Gari haikusimama. Mwenye karafuu alikuwa mjane na watoto wake. Alinikimbilia kwa maji, akanifunga mkono kwa kanga yake, na nilipotaka kumlipa zilizomwagika mtaroni akakataa. Akasema: "Mzee, mimi ndiye niliyekutegea."

Maneno yale yaliniuma kuliko mkono, kwa sababu mwaka uliotangulia mimi pia nilianika pale pale. Ni kweli dereva alikosa. Lakini ukingo ule ndio njia ya mwenye baiskeli, ya mtoto wa skuli na ya mzee mwenye mkongojo, nasi tunauziba wakati ule ule ambapo magari yamezidi. Wala si kwa faida yetu. Karafuu iliyomwagwa kando ya lami hupata vumbi, mchanga na moshi wa magari, na mnunuzi huipangia daraja ya chini. Karafuu hutaka jamvi safi juu ya uwanja ulio wazi, jua la siku kadha wa kadha, na mtu wa kuigeuza. Ikirundikwa mbichi huvunda na kupauka. Najua wako wasio na uwanja, na mjane yule ni mmoja wao. Kwa hiyo jambo hili halitakwisha kwa kumkataza mtu peke yake. Lazima matawi yetu yatafute viwanja vya kuanikia vya pamoja, vilivyo mbali na barabara.

Baada ya kuanguka, watu wa nyumbani walinikataza baiskeli. Nilikaa miezi mitatu. Lakini mkono ulipopona nilipanda tena, na ile safari ya Februari ndiyo ilikuwa ya kwanza. Nilichukua tahadhari, nazo ni hizi kwa atakayependa kufuata. Kagua breki zote mbili kabla ya kuondoka, maana mtelemko hausamehe. Usisafiri masika, udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Chukua pampu, viraka na gundi, na mpira wa ndani wa akiba. Ondoka baada ya sala ya alfajiri, upumzike adhuhuri, uendelee alasiri, na usiku usikukute barabarani. Mzigo uwe mdogo. Na kila ufikapo shambani kwa mtu, piga hodi kabla hujatazama chochote, usije ukadhaniwa mwizi wa karafuu!

Sasa mashauri yangu kwa Chama, nayo ni matatu tu.

La kwanza: kila tawi lichague wanachama wawili, mmoja mtu mzima na mmoja kijana, wakizunguke kisiwa kwa siku tatu kila mwaka baada ya msimu, wakilala kwa wanachama wenzao. Gharama yake ni chakula na viraka. Wakirudi wasimame mkutanoni waseme walichokiona, kizuri na kibaya, bila kumtaja mtu kwa kumwaibisha.

La pili: wanachama tukubaliane kuacha wazi ukingo wa barabara, hasa penye kona na mitelemko, na matawi yatafute viwanja vya kuanikia. Tena barabara zinapotengenezwa, Chama kiombe kwa adabu ukingo mpana wa wapita kwa miguu na baiskeli. Tukiuacha wazi wenyewe ndipo tutakapokuwa na uso wa kuuomba.

La tatu: njia za zamani zinazokatiza mashamba zisizibwe. Baba zetu walizipitia kwenda misikitini, visimani na kwa jamaa, na kwa njia hizo habari ya mche mzuri ilifika haraka. Siku hizi mtu akipata eka mbili tatu huweka ua wa miti ya miiba katikati ya njia. Anadhani amezuia wezi. Mwizi haingii kwa njia. Anayezuiwa ni jirani ambaye angemwambia kwamba mkarafuu wake wa pembeni umeanza kukauka.

Kuna methali isemayo mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mimi niliokota hesabu ya kweli ya shamba langu. Masika hii, inshallah, nitapanda miche thelathini na mmoja. Yule mzee wa Wete ameniahidi ishirini kutoka kitalu chake, nami nimemwahidi kwamba mpwa wangu atakwenda kuichukua kwa baiskeli, kidogo kidogo, kwa njia ya zamani. Kijana mwenyewe amekubali kabla sijamaliza kumwambia.

Na rafiki yangu aliyenicheka mkutanoni, namwalika. Nyumbani kuna baiskeli ya pili, nimeitia mpira mpya. Aje tukaihesabu mikarafuu yake.

Wasalaam,

Mkulima wa Mtambile